Changarawe Chini ya Mizabibu

Kazi yangu ni kuwaambia watu kilichoko chini ya ardhi yao. Si dhahabu, ingawa wengi wangependa iwe dhahabu. Mimi hupima changarawe, mchanga na mawe ya ujenzi. Tangu Dodoma ilipoanza kujengwa kila upande, barabara, ofisi, nyumba za watumishi waliohamishiwa huku, kila mwenye shamba la mawe amelitazama upya. Pale ambapo zamani mtu alipalaani kwa sababu jembe lilikuwa likivunjikia hapo, leo anampeleka mgeni kwa fahari kama anayemwonyesha sebule.

Mzee aliyenipigia simu alikuwa dereva wa treni aliyestaafu. Maisha yake ya kazi yote aliyamalizia kwenye reli ya kati, akipita Dodoma kwenda na kurudi. Sasa alikuwa akiishi na mkewe kwenye shamba lao upande wa Mpunguzi, kusini mwa mji, pembeni ya barabara iendayo Mtera na Iringa. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akihitaji changarawe alipita pale, akaona mawe juu ya ardhi, akamwambia mzee kwamba yuko tayari kuzungumza naye, ila kwanza apate ripoti ya mtaalamu.

"Mali ipo," mzee aliniambia kwenye simu. "Nataka uje uithibitishe tu."

Nilimjibu nitakuja kutazama. Neno kuthibitisha huwa sipendi kuliahidi.

Nilifika asubuhi kwa pikipiki yangu, vyuma vya kupimia vimefungwa nyuma. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, amevaa kofia ya kazini ambayo rangi yake ilishakwisha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanisalimia kwa Kigogo pia, na nilipomjibu alifurahi kama mtu aliyeongezewa nyama kwenye sahani. Alipoinuka ndipo nilipoona kwamba mguu wake wa kulia unaburuzika na mkono wa upande huohuo umekunjwa kifuani. Kiharusi kilikuwa kimempata mwaka mmoja tu baada ya kustaafu.

Mkewe alikuwa ndani ya mizabibu, akifunga matawi kwenye waya. Mizabibu ilianza hatua chache kutoka kwenye ukuta wa nyumba, ikateremka kwa mistari iliyonyooka hadi karibu na korongo. Sijawahi kuona shamba la zabibu lililopaliwa vizuri namna ile. Chini hapakuwa na jani. Nilimwamkia kutoka mbali, akaniitikia bila kuacha kufunga.

"Huyo ukimtoa kwenye zabibu zake ataumwa," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa na majivuno. "Watu wanatoka hadi Hombolo kuja kuzitazama."

Akanipeleka sehemu aliyoikusudia. Ilikuwa upande wa pili kabisa wa shamba, mteremko mkavu uliojaa mawe meupe madogo. Jua lilipoyapiga yalimeta hadi nikakunja uso. Pale hapakuwahi kuota kitu cha maana. Mtama ulikataa, uwele ukakataa, hata mbuzi walipita bila kusimama.

"Hapa," akasema, na akachomeka fimbo yake ardhini. "Hapa pote chukua. Kule nyumbani na kwenye zabibu usiguse."

Nilimweleza kwamba ripoti ya kweli hutaka shamba zima. Mawe ya juu hayasemi kilichoko chini, na mahali palipo kimya juu pengine ndipo penye kitu. Nikamwambia mashimo ya nyumbani yatakuwa machache, na nitayafukia mwenyewe. Alisita. Wakati huo mkewe alikuwa amefika na kikombe cha uji wa ulezi kwa ajili yangu.

"Mwache apime pote," mama akasema. "Kupima si kuchimba."

Mzee akamtazama, akang'oa fimbo yake ardhini. Nikaichukulia hiyo kuwa ruhusa.

Siku iliyofuata nilirudi na vibarua wawili wa kijijini, wenye sururu na mabeleshi. Tulianzia kwenye mteremko ule wa mzee. Kila shimo tulipolianza alihamisha kiti chake hadi pembeni, akaketi akichungulia. Sikuweza kumzuia. Tabaka la mawe meupe lilikuwa jembamba kama magamba ya samaki. Chini yake udongo mwekundu, mzito, unaoshikamana na beleshi. Chini ya huo, mwamba uliooza, ambao kwa macho ni jiwe lakini ukiubana kwa vidole unageuka unga.

"Endelea," mzee alikuwa akisema. "Mawe yatakuwa chini zaidi."

Tulikwenda chini zaidi. Tukasogea, tukachimba tena. Udongo uleule, unga uleule. Nilipima kina, nikaandika, nikajaza sampuli kwenye mifuko, na kila nilipoinua kichwa nilikuta macho yake yananisubiri. Katika kazi hii hakuna kitu kigumu kama mwenye shamba anayekaa nawe. Asiyekuwepo unampelekea habari siku moja, ikaisha. Huyu unampa habari mbaya kidogo kidogo, kwa kila beleshi linalotoka.

Mchana tulipumzika kwenye kivuli cha nyumba. Vibarua walikwenda kula kwao. Mzee akaanza kunisimulia habari za reli, jinsi alivyokuwa akizijua kokoto zilizotandazwa chini ya mataruma ya reli kwa mlio wa magurudumu. Pale penye kokoto ngumu treni huenda kama inaimba, alisema, na pale zilipochoka huanza kulalamika. Halafu bila mimi kumuuliza akasema:

"Mimi nitatangulia. Daktari hajasema, lakini mwili wangu naujua. Nataka nimwachie huyu mama kitu ambacho hakihitaji kubebewa maji. Zabibu zinataka maji kila siku. Changarawe haitaki kitu. Inakaa tu, inamsubiri."

Ndipo nilipoelewa kwa nini hakutaka habari za mteremko ule ziwe mbaya. Nilitamani ningekuwa na uwezo wa kuweka mawe mle ardhini.

Jioni hiyo na kesho yake tulihamia upande wa nyumbani. Shimo la kwanza nilichagua kati ya mistari miwili ya mizabibu, mahali pasipo na mizizi mingi. Udongo wa juu ulikuwa laini na mweusi, umelishwa samadi kwa miaka. Kisha mlio wa sururu ukabadilika. Mtu yeyote aliyefanya kazi hii anaujua mlio huo, mkavu, unaokwaruza, kama kijiko kinachogonga punje za mahindi makavu. Kibarua akasimama, akanitazama.

Yalikuwa mawe ya mviringo, ya ukubwa wa yai na wa nusu yai, magumu, masafi, yamechanganyika na mchanga mnene. Mto ulipita hapa zamani sana, kabla ya korongo lile kuwa korongo. Ulipita ukayasaga mawe, ukayaosha, ukayaacha. Tulichimba hadi kibarua akazama mabega, na bado tulikuwa kwenye changarawe ileile. Shimo la karibu na jiko likatoa vilevile. La nyuma ya nyumba vilevile. Kuelekea korongoni tabaka lilizidi kunenepa.

Mama alikuja akachuchumaa ukingoni. Akachota changarawe kwa mkono, akaigeuzageuza.

"Haya ndiyo yanayotakiwa?"

"Ndiyo, mama."

Uso wake uliganda. Nilidhani naona huzuni ya mtu anayetishiwa kung'olewa alichopanda. Nikaanza kumweleza kwamba hakuna kilichoamuliwa, kwamba bado kuna vipimo vya maabara, lakini alikuwa ameshainuka, amekwenda zake na yale mawe mkononi.

Mzee aliinuka kwenye kiti chake. Hakulichungulia shimo hata kidogo.

"Lifukieni hilo," akawaambia vibarua. "Lifukieni sasa hivi."

Sampuli nilizipeleka mjini maabara. Huko changarawe huoshwa, ikakaushwa, ikachekechwa kwenye chekeche za matundu mbalimbali, kisha ikazungushwa kwenye ngoma ya chuma pamoja na magololi mazito ili kuona itavunjika kiasi gani. Ile ya mteremkoni ilitoa maji mekundu na kwenye ngoma ikageuka vumbi. Ile ya chini ya mizabibu iliingia mawe na ikatoka mawe. Fundi wa maabara aliniuliza nimeitoa wapi. Nikamwambia ya watu.

Nilirudi Mpunguzi na majibu nikiwa na moyo mzito. Njiani nilipanga maneno. Tuliketi barazani, sisi watatu, mezani kuna karanga za kukaanga na chai. Nilieleza kwa kifupi, maana habari ya namna hii ukiizungusha inauma zaidi. Mteremko hauna kitu cha kuuza. Unaweza kutoa kifusi cha kujazia mashimo ya barabara, basi. Changarawe nzuri, ya kutosha kuchimbwa kwa biashara, iko chini ya mizabibu na chini ya nyumba hii tuliyoketi.

Mzee alikisogeza kikombe chake pembeni.

"Basi imekwisha," akasema. "Mwambie mkandarasi hakuna kitu. Siwezi kuchimba jasho la mke wangu."

"Nani amekwambia jasho langu linataka kubaki pale?" mama akauliza.

Aliuliza taratibu, wala hakupandisha sauti. Mzee akageuza kichwa kama aliyeitwa na mtu mwingine.

"Unasema nini?"

"Nasema wachimbe."

Nikafunga mafaili yangu ili niondoke, nikasema nitawaacha wazungumze. Mama akaniwekea mkono gotini. "Kaa, mwanangu. Ukiondoka tutanyamaza tena."

Kisha akaanza kusema, akimtazama mumewe. Alizaliwa Chemba, alisema, kule wanakosema lugha ya kugongesha ulimi kwenye kaakaa, lugha ambayo hapa Mpunguzi hakuna hata mtu mmoja wa kumjibu. Aliletwa hapa akiwa msichana. Mizabibu aliipanda mumewe wakati mmoja wa likizo, kwa shauku kubwa, kisha likizo ikaisha akarudi kwenye treni, na yeye akabaki nayo. Alibeba maji kutoka korongoni kiangazi baada ya kiangazi. Watu wakaanza kuja kusifu. Wakishasifu, utaachaje? Kila mumewe aliporudi alisimama kwenye ile mistari, akifurahi, na furaha yake ndiyo iliyomfunga mdomo.

"Zabibu ni zako," akamwambia. "Mimi nazitumikia tu."

"Siku zote nilijua unazipenda."

"Nilikuwa nakupenda wewe."

Mzee alijaribu kushika kikombe kwa ule mkono mgonjwa, kikamshinda. Akakiacha.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa safarini."

"Nimestaafu siku nyingi!"

"Ulirudi, ukaumwa. Mtu anaumwa nimwambie nimechoka na shamba lake?" Akatulia, akachambua karanga moja hadi ganda likawa vipande vidogo sana. "Dada yangu mkubwa yuko kule peke yake. Amezeeka. Juzi nilikuwa natafuta jina la mti mmoja wa porini, ule nyuki wanaoupenda, nilitafuta kwa lugha yetu, halikuja. Nilisimama na ndoo kichwani, limegoma kuja. Nikasema, hivi ndivyo mtu anavyopotea akiwa amesimama."

Nje upepo ulikuwa ukivuma na vumbi, kama ulivyo msimu ule, na majani ya mizabibu yalikuwa yakigongana. Mzee alikuwa akilia, machozi yakimshuka zaidi upande ule wa uso ambao kiharusi kiliuachia ulegevu, na mama akanyoosha ncha ya kanga yake akampangusa, bila haraka, kama anavyompangusa kila siku akimlisha uji.

Baadaye, walipotulia, mzee aliniuliza swali la kwanza la maana kuhusu kuchimba: "Itakuwaje?" Nilimwambia ukweli wote. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kitaingia, na mngurumo wake hauna adabu. Tipa zitapita mlangoni tangu asubuhi. Vumbi litaingia hadi kwenye unga wa ugali. Lazima leseni ipatikane kwanza, na majirani waulizwe. Ukanda wa pembeni ya korongo hautaguswa, la sivyo mvua za kwanza zitalimega shamba lote. Nyumba inaweza kubaki, pamoja na sehemu ya mbele yake. Na mwisho patabaki shimo, ambalo ni lazima lisawazishwe, udongo mweusi urudishwe juu. Ule udongo wa samadi, nikamwambia mama, tutautenga pembeni, haupotei.

"Haupotei," akarudia, lakini nadhani hakuwa akinisikiliza.

Jioni ile nilipofika nyumbani nilimkuta mama yangu mzazi anatazama taarifa ya habari. Yeye ni mtu wa Njombe, alimfuata baba huku kabla sijazaliwa. Nikamuuliza ghafla kama aliwahi kutamani kurudi kwao. Alinitazama kama nimeugua.

"Njombe? Na ile baridi? Nikafanye nini, nife?"

Akaongeza sauti ya televisheni. Nilicheka peke yangu jikoni hadi nikajishangaa.

Zilipita wiki kadhaa. Siku moja mzee alipiga simu, akaniomba nije niweke vigingi vya mipaka. Nilimkuta amesimama ndani ya mizabibu, fimbo mkono wa kushoto. Alikuwa ameizungukia mistari yote mwenyewe, mama aliniambia, polepole, akipumzika kila nguzo. Walikubaliana hivi: mistari mirefu ya chini ingekwenda, ile mifupi ya karibu na nyumba ingebaki, na yeye mzee ndiye angeihudumia kwa mkono wake mmoja. Mpwa wake angehamia pale kumsaidia. Mama angevuna mavuno ya mwisho, halafu angekwenda Chemba kukaa na dada yake hadi mvua zianze.

"Zabibu zangu," mzee akaniambia, akijaribu utani. "Nimerudishiwa zabibu zangu."

Nilikwenda kwenye mavuno yale, si kikazi. Zabibu zilikuwa nyeusi na tamu, vishada vizito. Wanawake wa jirani walikuja kusaidia na baadhi yao walikuwa wakimlaumu mama waziwazi, wakisema hawajawahi kuona mtu anayekata mti uliomlea. Aliwajazia ndoo zao bila kubishana. Kijiko kilipokuja kung'oa mizabibu, yeye ndiye aliyesimama kutazama. Mzee aliingia ndani, akafungua redio kwa sauti kubwa.

Nilidhani mama atajuta pale mizizi ilipotoka, mirefu, minene kama mikono, imekumbatia mawe. Alisimama hadi mstari wa mwisho. Halafu akapiga miayo, akasema anakwenda kulala kidogo, mchana kweupe, jambo ambalo mpwa aliniambia hajawahi kumwona akilifanya.

Machimbo yakaanza kazi. Mimi hupita mara kwa mara kukagua kingo zisiwe na mwinuko wa hatari na kuhakikisha hakuna anayeusogelea ukanda wa korongo. Mama alikwenda Chemba kama walivyokubaliana, na mvua zilipoanza hakurudi. Alisema dada anaumwa miguu. Mzee alikaa na mistari yake mifupi, akaipogoa vibaya, upande mmoja mfupi na mwingine mrefu, kwa kuwa mkono mmoja haukatai lakini haufiki. Hata hivyo ilichipua. Nilipokuwa nikipita alikuwa akinipa simu nimpigie mkewe, maana vidole vilimsumbua, kisha akawa anaongea naye kwa muda mrefu kuhusu mambo madogo: kuku, jirani, tipa iliyokwama kwenye tope. Mara nyingine upande ule wa simu dada mtu aliingilia kwa lugha yao, wakaangua kicheko wote wawili, na mzee akasubiri tu, amekaza simu sikioni, akitabasamu kwa kitu asichokielewa.

Safari yangu ya karibuni nilikuta mlango una kufuli. Mpwa alikuwa kwenye mizabibu. Akaniambia mjomba amekwenda Chemba. Aliamua siku moja asubuhi, akamwita mwenye gari, akapanda na mfuko mmoja wa nguo na kapu la zabibu za mavuno yake ya kwanza.

"Atarudi lini?" nikauliza.

"Nilimuuliza. Akasema hajui, yeye sasa ndiye mgeni, atarudi akiruhusiwa."

Nilikwenda kukagua shimo. Upande wa mashariki kijiko kilikuwa kimeanza kukaribia vigingi vya korongo, nikamwita msimamizi, nikamwonyesha, tukakubaliana wahamie magharibi kuanzia siku hiyo.